Kuchoma msitu mapema: wanakijiji tuwaeleze vipi?

Mkwaju
Habari wakuu. Kamati yetu ya maliasili itachoma mapema msitu wa hifadhi wa kijiji, miombo ya huku Kilwa, mwezi Juni. Mkutano mkuu umepitisha, lakini watu wanahoji: mwaka mzima mnatukataza moto, leo mnauwasha wenyewe? Wengine wamesikia "tutachoma" wakadhani ni ruksa kila mtu kuchoma shamba lake. Tangazo liandikweje?

Mninga Mkavu
Hoja yao ni ya haki, ijibiwe kabla ya ratiba. Msiseme moto huu hauna madhara, hawatawaamini tena. Semeni mioto haifanani. Wa Juni unakuta nyasi kavu juu, mbichi chini. Unatambaa, unaacha mabaka, na umande wa usiku unauzima. Wa Septemba na Oktoba unakuta kila kitu kimekauka, unapanda juu na kuua miche. Nyasi zikiungua Juni, huo wa baadaye unakuta kidogo cha kuunguza. Huko Ndola, Zambia, majaribio yalianza 1933: sehemu zilizochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi ziligeuka nyika ya nyasi, zilizochomwa mapema zilibaki na miti.

Mkutanoni nendeni na tita la nyasi za msitu huohuo. Pasueni shina karibu na mzizi, lipite mkono kwa mkono, kila mtu aguse ule unyevu. Hilo linaeleweka kuliko hotuba.

Karani wa Kata
Msitaje siku moja. Upepo ukiwa mkali mtaahirisha, na safari ya pili hakuna atakayejiandaa. Tajeni kipindi, mathalani tarehe 10 hadi 24, kisha mthibitishe jioni ya kuamkia siku yenyewe kupitia wenyeviti wa vitongoji, kipaza sauti cha msikiti na meseji. Maneno yawe hivi:

"Kamati ya Maliasili PEKEE itawasha moto, kuanzia saa 10 jioni, kati ya korongo na barabara ya zamani. Hakuna ruhusa ya kuchoma mashamba. Ukiona moto nje ya mipaka hii, piga namba hii."

Mipaka itajwe kwa korongo, mbuyu, njia. Namba za ramani haziwasaidii. Ongezeni kwamba magogo yatafuka siku kadhaa, la sivyo asubuhi mtapigiwa simu kwamba moto umewashinda. Zahanati ijue mapema kwa ajili ya wenye pumu, na kijiji jirani kipewe barua.

Mzinga
Wenye mizinga ya nyuki msiwaachie tangazo la jumla. Wafuateni mmoja mmoja wiki moja kabla, andikeni daftarini mzinga uko wapi, mwenyewe atie saini au dole gumba, nyasi zifyekwe kuuzunguka. Makaburi na sehemu za tambiko vilevile. Mzinga mmoja ukiungua, mwakani mkutano hautapitisha.

Mkwaju
Nimewaelewa. Na wafugaji? Mkutanoni hawaji.

Karani wa Kata
Wafuateni kwenye maji, asubuhi ng'ombe wanaponyweshwa. Wengi huchoma ili wapate majani mapya, kwa hiyo waonyesheni kwa kidole eneo litakaloachwa bila kuchomwa kwa ajili ya malisho, na wakubaliane nanyi kabla kiberiti hakijawashwa.