thread_local! kwenye msimbo wa rayon: ipigwe marufuku au tujifunze kuitumia?

mchakamchaka
Wakuu habari za jioni. Hili jambo limetugawa kazini naomba tulijadili. Tuna programu ya Rust inasoma mafaili makubwa ya logi kwa rayon (kreti, yaani maktaba, ya kugawa kazi kwa thredi nyingi), kila thredi ina bafa yake ndani ya thread_local! (makro inayoipa kila thredi nakala yake), ili tusiombe memori upya kila mstari. Bafa yenyewe imefungwa kwenye RefCell, ambayo inakataa kukupa kitu cha kuandika kama tayari kimeshikwa. Kwenye laptop inapita freshi. Kwenye seva yenye kora nyingi kuna siku inapaniki (inasimama kwa kosa) inasema RefCell tayari imeazimwa, kuna siku inapita salama na faili ni lilelile. Nimelifuatilia mpaka nimelikuta: tunaishika bafa kwa borrow_mut, halafu tukiwa bado tumeishika tunaita rayon::join, inayoendesha kazi mbili sambamba na kusubiri zote ziishe. Thredi inayosubiri upande wa pili umalize haikai bure, inachukua kazi nyingine kwenye foleni, na kazi hiyo nayo inaomba bafa ileile ya thredi ileile. Kwisha habari. Mimi msimamo wangu: palipo na rayon, thread_local! isiingie kabisa, bafa ipite kwa map_init (rayon yenyewe inaiandaa na kuipitisha kwenye kazi) au kama ajumenti ya kawaida. Mnaonaje?

fundi_bomba
Marufuku ya nini sasa mkuu? Umeshika kitu ukaita join, kosa la makro liko wapi hapo? Itoe bafa kwa take(), itumie, irudishe kwa set(). Tangu toleo 1.73 la Rust hizo zipo moja kwa moja kwenye LocalKey (aina ambayo thread_local! inakupa), hata with, njia ya zamani ya kuifikia thamani, huhitaji. Shida watu wametoka Python juzi, hawajawahi kuona thredi mbili zikikimbia kwa pamoja, leo ndio wanaandika sheria za timu.

dada_terminali
Hapo kwenye Python umetukosea adabu kaka. threading.local, ya kazi hiyohiyo, iko Python tangu 2.4, mwaka 2004, wakati Rust 1.0 imetoka 2015. Na 3.13 imekuja na toleo la majaribio lisilo na GIL (kufuli la Python linalozuia thredi zisiendeshe msimbo kwa pamoja) kwa hiyo hiyo hadithi ya "hawajawahi kuona" itafutie watu wengine.

fundi_bomba
Dada kuwa nayo ni kimoja na kuihitaji ni kingine. Chini ya GIL thredi moja tu ndiyo inaendesha baitikodi kwa wakati mmoja, sasa unamficha nani data?

dada_terminali
Kumbe hujui kinachofanyika. GIL inaweza kuhamia thredi nyingine katikati ya fanksheni yako, ukiwa na global moja utakuta data ya ombi la mteja huyu imeingia kwenye ombi la yule. Ndiyo maana konekshini ya database kwenye Django (fremuweki ya wavuti ya Python) kila thredi ina yake. Hii ni kazi ya kila siku kwa watu wanaohudumia wateja, sio nadharia. Unadharau kitu ambacho hujakifanya.

mzee_wa_gcc
Mnabishana nani alitangulia na wote mmekuta mezani pameshaandaliwa. GCC, kompaila ya C, ilikuwa na __thread ya kazi hiyohiyo kabla kiwango cha C11 hakijaleta _Thread_local. Hata errno (namba ya kosa la mwisho) mnayoisoma kila siku kila thredi ina yake, bila hivyo kosa la read() la thredi moja lingesomwa na thredi nyingine. Na hakuna aliyetulazimisha kufunga bafa kwenye RefCell.

kahawa_chungu
Shikamoo mzee. Hakuna aliyewalazimisha ndiyo, na kosa hilihili la mchakamchaka kwenye C lisingepaniki, kazi ya ndani ingeandika juu ya bafa ya kazi ya nje na ungepata logi zimechanganyika kimyakimya, unakuja kugundua mteja akilalamika. Bora paniki.

Ila mchakamchaka, map_init unayoisifia haikupi bafa moja kwa kila thredi, inaita init (fanksheni ya kuunda bafa) kila rayon inapoikata kazi vipande, na vipande vinaweza kuwa vingi kuliko kora. fold, ya kukusanya matokeo, ni vilevile: ukijumlisha kwenye HashMap unapata ramani nyingi za kuunganisha mwishoni. Punguza vipande kwa with_min_len. Na wanaoweka hesabu kwenye thread_local! wakitegemea Drop (msimbo unaoitwa thamani inapotupwa) iziunganishe, kwenye puli ya jumla ya rayon (kundi lake la thredi za kawaida) wasahau, zile thredi hazifungwi mpaka programu inakufa na Drop hakuna anayeiita. Hizo hesabu zinapotea. Kwa hesabu tumia kreti inayoitwa thread_local (si ile makro), ile aina yake ThreadLocal unaweza kuzipitia thamani zote mwisho wa kazi.

mchakamchaka
Vipande vingi nakubali kuvilipia, paniki ya usiku silipii. Na fundi, take() inaondoa paniki tu: kazi ya ndani inakuta bafa tupu, inaomba memori upya, inarudisha yake, halafu ya nje ikirudisha inaitupa ile ya ndani. Ile memori tuliyokuwa tunaiokoa iko wapi?

fundi_bomba
Iko kwenye kazi zote ambazo hazina join ndani, ambazo ndizo nyingi. Wewe unafunga barabara nzima kwa shimo moja. Andika sheria inayosema usishike borrow ukivuka join, mtu akivunja rudisha msimbo wake kwenye rivyuu.

mchakamchaka
Rivyuu ipi italiona? join haikuwa kwenye faili letu, ilikuwa ndani ya fanksheni ya kreti tuliyoiita, na aliyeiweka hana habari kwamba sisi tuna bafa mkononi.

dada_terminali
fundi_bomba umejibu kila mtu. Suala la Django nalo nasubiri.