Mrejesho: ruta ya Festool OF 1400 iliyotumika

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niliuliza kama ruta ya Festool OF 1400 (mashine ya umeme ya kuchonga mbao) iliyotumika inafaa kununuliwa hapa Unguja, na kama itauzika tena. Nimeinunua, ahsanteni sana. Aliyesema nisome kibati cha volti kabla ya kulipa kaniokoa: ya kwanza niliyotaka kununua ilikuwa ya volti 110, zile za saiti za ujenzi za Uingereza, kwenye volti 230 zetu ingeungua koili. Kwenye hii niliyonunua, kaboni zinazopeleka umeme kwenye mota zilibaki milimita 5, nimebadilisha zote mbili kwa pamoja, cheche zimepungua. Kutu ya chumvi kwenye nguzo mbili ambazo mota hupanda na kushuka juu yake nimeitoa kwa msasa laini namba 600 na mafuta mepesi, ila nguzo moja bado inakwama ikishuka. Kuhusu kuuza, mlisema kweli kwamba vifaa vyake vikikosekana bei hushuka: fundi milango wa Mwanakwerekwe aliitaka, lakini alipoona boksi la mashine na koleti (kishikio cha kisu) ya milimita 12 hazipo, akashusha bei papo hapo.