Mnaoweka Rush Hour namba moja kwenye filamu za Jackie Chan, hivi mnamjua au mmemsikia tu?

Wakuu, salaam kwanza, maana nikianza na povu moja kwa moja mtasema sina adabu.

Nimechoka. Kila ikifika zamu ya kupanga filamu bora za Jackie Chan, orodha inakuja ileile kama imetolewa fotokopi. Rush Hour ya kwanza, Rush Hour 2 ya pili, The Karate Kid ya tatu, Shanghai Noon inafuata, halafu mtu anakumbuka "ile ya kulewa", yaani Drunken Master, anaipachika namba nane ili aonekane ni wa siku nyingi. Miaka nenda rudi nimekuwa nasoma, nasonya, napita zangu. Lakini iliyonikuta juzi imenishinda.

Jamaa kapanga kumi bora. Namba nne kaweka First Strike. Namba tisa kaweka Police Story 4. Ndugu yangu, hiyo ni filamu moja! Ni ileile ya 1996, ngazi anayopigania ni ileile, papa wa majini ni walewale. Ilipopelekwa Marekani ikabadilishwa jina, basi. Wewe umeipa nafasi mbili na maelezo mawili tofauti: kwenye namba nne unasifia mapigano, kwenye namba tisa unasema "stori imepwaya kidogo". Umeangalia nini sasa? Na chini yake watu wamejipanga kugonga like, "mkuu umetisha".

Namba saba kaweka Enter the Dragon ya 1973. Mle ndani Jackie ni mmoja wa walinzi wasio na jina: Bruce Lee anamdaka nywele, anamvunja shingo, kwisha habari yake. Ukigeuka kuchukua maji umemkosa. Hiyo nayo ni filamu bora ya Jackie Chan? Na namba kumi, jamani, namba kumi kaweka Fearless. Ile ni ya Jet Li. Hapa sina hata cha kuongeza.

Turudi kwenye Rush Hour, maana huko ndiko mlikojificha wengi. Hoja yenu ni fedha. Mnasema iliingiza zaidi ya dola milioni 240 duniani, kwa hiyo ndiyo bora. Sawa, iliingiza. Ni filamu ya kuchekesha, Chris Tucker anayeigiza naye ana mdomo, na mimi nilicheka. Lakini tunapanga filamu za mtu wa mapigano, hatupangi risiti. Jackie mwenyewe amesema hadharani zaidi ya mara moja kwamba hakuielewa ile Rush Hour ya kwanza ina utamu gani, na hakuwa akizipata zile utani za Kimarekani. Mwenye mali anaikataa, nyinyi mnamlazimisha aipokee.

Na msichokiangalia ni jinsi ilivyopigwa picha. Kaa chini uangalie pambano lolote la Rush Hour bila kusikiliza vichekesho. Kamera imesogezwa karibu, ngumi inatoka, kabla haijafika picha inakatwa, unaona sura ya aliyepigwa, inakatwa tena, mtu yuko chini. Nani kampiga nani, kwa kitu gani, hujui. Sasa chukua filamu yake yoyote ya Hong Kong ya miaka ya 80. Kamera iko mbali, imetulia, unamuona kuanzia unyayo hadi utosi, na adui naye unamuona mzima. Kiti kiko pale, meza iko pale, ngazi iko pale, na wewe mtazamaji umeshaviona kabla havijatumika. Teke likifika, wanakurudishia kidogo, unaliona likifika mara ya pili kwa upande mwingine. Ndiyo maana unashtuka na kushika mbavu zako mwenyewe. Kule alikuwa na kikosi chake mwenyewe cha watu wa kufanya matukio ya hatari na muda wa kurudia kitu mpaka kikae. Marekani alipewa ratiba na watu wa bima.

Tena Marekani walikuwa wameshamjaribu zamani wakachemsha. Walimchukua kwenye The Big Brawl ya 1980, ikadoda. Wakamchukua tena kwenye The Protector, 1985, wakamfanya polisi wa New York anayetembea na bastola amekunja uso, kama vile anamuigiza mtu mwingine. Alichukia mpaka akaikata upya na kupiga baadhi ya matukio upya kwa ajili ya soko la Hong Kong. Halafu mwaka huohuo wa 1985, akaenda kwao, akaongoza mwenyewe, akaigiza mwenyewe, akawaonyesha filamu ya polisi inatengenezwaje.

Hiyo ni Police Story, na hiyo ndiyo namba moja. Sitaki mjadala mrefu hapa.

Inaanza na magari yanashuka mlimani yakipasua mtaa wa vibanda, siyo yanaupita, yanaupasua. Kisha anakimbiza basi la ghorofa kwa miguu, analidaka kwa mpini wa mwavuli, ananing'inia dirishani huku waliomo ndani wanataka kumwangusha. Filamu nyingi zingefanya hilo kuwa tukio la mwisho. Yeye hapo hata robo hajafika. Katikati kuna kile kituo cha polisi cha mashambani, yuko peke yake na simu zote zinaita kwa pamoja, anazungushia waya shingoni, anachanganya waliopiga, huku anakula tambi kwa penseli. Hakuna ngumi hata moja pale na ni dakika bora kuliko Rush Hour nzima. Ndiyo, nzima.

Na mwisho ni lile duka kubwa. Vioo vilivyovunjwa mle ndani ni vingi mpaka kikosi chake chenyewe kikaipa filamu jina la utani la Hadithi ya Vioo, na havikuwa vile vyepesi vya kawaida vya kuigizia, walitumia vinene zaidi. Mtu anapitishwa kwenye kioo kwa mgongo, anaamka anapitishwa kingine. Kisha Jackie yuko ghorofani, adui yuko chini anaondoka na mkoba, na kati yao kuna nguzo ndefu iliyoviringishwa taa za mapambo. Anaruka kutoka kwenye kizuizi, anaikumbatia, anateremka nayo taa zikipasuka cheche moja baada ya nyingine, anatoboa paa la vioo, anatua sakafuni, anaamka na kuendelea kupiga. Wamekuonyesha mara tatu kwa pande tatu ili usije ukasema ni ujanja wa kamera. Viganja viliungua, mgongo ukaumia. Ukiwa umeliona lile tukio halafu ukaandika "1. Rush Hour", basi kuna kitu kingine unachokipanga, siyo filamu.

Na kwa wapenda tuzo: ilichukua filamu bora ya mwaka kwenye Tuzo za Filamu za Hong Kong. Filamu ya ngumi, ikachukua filamu bora. Haya.

Namba mbili ni Drunken Master II ya 1994, na naomba msiichanganye na ile ya 1978, zimepishana miaka 16. Wapo wanaoiweka juu ya Police Story na sitapigana nao, kwa sababu lile pambano la kiwandani dhidi ya Ken Lo sidhani kama lina mpinzani. Ken Lo ndiye aliyekuwa mlinzi wake kwenye maisha ya kawaida, na ana mguu mmoja ambao haugusi chini, anakupiga kichwani, tumboni, gotini, kichwani tena, mguu bado uko hewani. Jackie anakaribia miaka 40 na anatambaa kinyumenyume juu ya makaa ya moto, ya kweli. Lau Kar-leung, mwongozaji, walishapishana naye kuhusu mtindo wa mapigano, akaondoka kabla, na ule mwisho Jackie akausimamia mwenyewe. Unaonekana. (Kuna na Anita Mui anayecheza mama yake wa kambo, mama aliyezaliwa miaka tisa baada ya mtoto, na bado anamfunika kwenye kila tukio la kuchekesha.)

Tatu ni Project A, 1983. Kuanguka kutoka kwenye mnara wa saa, kupitia turubai mbili, hadi ardhini, hakuna godoro unaloliona. Sammo Hung yumo, Yuen Biao yumo, watatu waliokulia shule moja ya opera ya Kichina wakichapwa na mwalimu mmoja. Huwezi kuiga maelewano ya namna ile kwa mazoezi ya wiki mbili.

Nne, Wheels on Meals ya 1984. Hadithi yenyewe haina kichwa wala miguu, nakubali, ila ni watatu walewale wako Barcelona, na mwishoni Jackie anakutana na Benny Urquidez, bingwa wa kweli wa kickboxing. Benny anarusha teke la kuzunguka, halimpati mtu, ila upepo wake unazima mishumaa iliyowashwa mezani. Rudisha nyuma uangalie taratibu. Mishumaa inazimika.

Tano, Supercop ya 1992, na hapa naomba haki itendeke: Michelle Yeoh ndiye aliyeibeba nusu yake. Jackie ananing'inia kwenye ngazi ya helikopta juu ya Kuala Lumpur, unadhani umeona kila kitu, kumbe mwenzake anarusha pikipiki na kutua nayo juu ya treni inayotembea. Watu wanaoanza kumjua Michelle kwenye tuzo za juzijuzi wana deni.

Baada ya hapo pangeni mnavyotaka kati ya Armour of God II, Drunken Master ya 1978, Miracles, Dragons Forever na Who Am I. Hiyo ya mwisho mnaidharau kwa sababu kaigiza Kiingereza, lakini ana wapinzani wawili juu ya paa kule Rotterdam, kisha anateremka ukuta wa mshazari wa jengo refu kwa makalio. Mwaka ni 1998. Sikiliza: 1998, mwaka uleule wa Rush Hour yenu! Mtu yuleyule, umri uleule. Tofauti ni nani alikuwa anasimamia kamera.

Kuna waliokuja na hoja ya Rumble in the Bronx. Ina nafasi yake, kumi na moja au kumi na mbili. Aliumia kifundo cha mguu akarudi kazini amevaa soksi iliyochorwa ifanane na kiatu, heshima kwake. Lakini ni Bronx gani ina milima mikubwa nyuma ya majengo? Walipiga Vancouver na hawakujisumbua kuificha. Na wengi mmeangalia toleo la Marekani lililokatwa na kubadilishwa muziki, kisha mnakuja kulaumu kwamba "inarukaruka". Inarukaruka kwa sababu imekatwa, mzee. Hili la matoleo ni ugonjwa: Drunken Master II nayo ilicheleweshwa kule mpaka 2000, ikawekewa sauti za Kiingereza na kichekesho cha mwisho kikaondolewa. Kabla hujaitoa filamu makosa, hakikisha umeiangalia hiyo filamu.

Na wale wa upande wa pili, mnaosema baada ya 2000 hakuna kitu, mnakosea pia. New Police Story ya 2004 analia kama mtu aliyefiwa na anaaminika. The Foreigner ya 2017 ni mzee wa miaka sitini na ushee anatembea kwa kujivuta, mkimya, na anatisha kuliko alivyotisha ujanani. Hizo mbili naziweka juu ya Rush Hour bila kupepesa.

Rush Hour yenyewe? Ya 15, na hapo nimekuwa mkarimu. The Karate Kid ni nzuri kwa watoto, anaigiza vizuri sana usiku ule kwenye gari, lakini kumbuka steringi mle ni mtoto, Jackie ni mwalimu. Tukianza kuhesabu za namna hiyo, kesho mtaniletea yule nyani wa kwenye katuni aliyempa sauti.

Ila aliyeniudhi kuliko wote, na nilikuwa nimemsahau, ni yule aliyeweka The Tuxedo kwenye tano bora. The Tuxedo! Mwanadamu aliyeanguka kutoka kwenye mti Yugoslavia akapasuka fuvu akifanya kazi yake, aliyepewa Oscar ya heshima 2016 kwa ajili ya mwili huo, wamemvalisha suti ya kompyuta inayopigana kwa niaba yake. Wamechukua kitu pekee ambacho hakuna mwingine anacho, wakakipa suti. Na wewe umeona hiyo ni namba tano.

Haya, povu ruksa. Lakini anayekuja kutetea Rush Hour kuwa namba moja, atuwekee hapa pambano moja tu, kuanzia dakika gani hadi dakika gani, tukaliweke pembeni ya lile la duka la vioo. Asije na hesabu za mauzo, na asije na vichekesho vya Chris Tucker.