Mrejesho: kilomita 21 asubuhi, mtori mchana

Wakuu, niliuliza kama naweza kukimbia nusu marathoni Moshi asubuhi, kisha mchana niwapikie wazee mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Imewezekana, ila kwa tabu. Ule mlima wa kuelekea Mweka si wa mchezo. Nilitembea vipande viwili na sioni aibu. Nilimaliza kwa muda wa saa 2 na dakika 31.

Aliyenishauri nichemshe nyama usiku, ubarikiwe sana. Nilikuta supu tayari, nikamenya ndizi mshare nimekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji, vidole vimeganda utomvu (mafuta ya kuzuia usigande nilisahau kupaka). Kuponda kwa mwiko ndiko kulinishinda, mdogo wangu akamalizia. Mama akaonja, akasema chumvi imepungua. Bakuli la pili aliomba lakini.