Kola zinarundikana, wengine wanasubiri: mafundi sita niwapangeje?

FundiSare_Moro
Habari zenu wakuu. Nina karakana ya sare hapa Morogoro, mafundi sita. Nimepata oda ya mashati ya shule, natakiwa kutoa 150 kwa siku ili shule zikifunguliwa Januari mzigo uwe tayari. Tunafanya kazi dakika 450 ukitoa chai na chakula cha mchana, lakini tunaishia tisini na kitu.

Nimepima kwa simu, sekunde kwa kila shati: kutengeneza kola 150, mfuko wa kifuani 70, kuunga mabega 40, kupachika kola 130, mikono 110, mbavu kwa overloki (mashine ya kuunga na kuziba kingo za kitambaa) 90, pindo 120, vitundu vya vifungo 100, vifungo vyenyewe 80. Kukata na kukunja ukanda wa mbele ni mimi na kijana wangu, sijaweka humo.

Fundi wa kwanza anatengeneza kola na kuipachika. Wa pili mfuko na mabega, wa tatu mikono, wa nne mbavu, wa tano pindo, wa sita vitundu na vifungo. Mashine zote zimefuata ukuta kwa sababu ya soketi. Kwa fundi wa kola pamejaa mafungu, wa mbavu amekaa anasubiri. Kaka yangu anataka niongeze cherehani ya umeme na fundi wa saba. Hela ni ya mkopo. Nifanye hivyo?

Laini_AthiRiver
Usinunue kwanza, dada. Nimesimamia laini (safu za mashine zinazopokezana kazi) za kushona nguo za kuuza nje huku Athi River, Kenya, na hesabu zako zinasema kila kitu.

Dakika 450 ni sekunde 27,000. Gawa kwa 150, unapata 180. Yaani kila sekunde 180 shati moja liwe limetoka, na asiwepo fundi mwenye kazi inayozidi hapo. Fundi wako wa kola ana 150 na 130, jumla 280. Gawa 27,000 kwa 280: mashati 96. Kila shati linapita kwake, kwa hiyo hata hao wengine watano wakikimbia vipi, 96 hamuivuki.

Kazi yote ni sekunde 890. Kwa kikomo cha 180, hesabu inadai watu watano, nawe unao sita. Mgawanyo ndio mbaya. Wa kwanza abaki na kutengeneza kola (150). Wa pili aunge mabega halafu apachike kola (170), maana kola haiwezi kukaa kabla ya mabega. Wa tatu mfuko na mbavu (160). Kisha mikono (110), pindo (120), na mwisho vitundu na vifungo (180). Mikono ipachikwe kabla ya kufunga mbavu.

Mfuko uko mwanzoni, mbavu ziko mbali mbele, mtu mmoja atafikaje kote? Hapo ndipo ukuta unapokuumiza. Panga mashine kwa umbo la herufi U, vitambaa viingie na mashati yatoke upande mmoja. Wa tatu akae ndani ya U, cherehani upande huu, overloki upande ule, anageuza kiti tu. Kama una cherehani ya kukanyaga imelala, mpe hiyo ya mfuko; haihitaji soketi. Umeme wa mashine za katikati fundi aushushe kutoka darini, usitandaze nyaya sakafuni.

Kwa mpango wa sasa muda wa mafundi unaofanya kazi kweli ni 53%. Huu unafika 82%. Ila wa mwisho amejaa pomoni, uzi ukikatika tu anachelewa. Wa mikono ana nafasi ya sekunde 70, mweke karibu naye amsaidie. Wiki ya kwanza usitegemee 150.

Mpima_Kazi
Naongezea jambo kuhusu ukubwa wa mafungu. Ukipitisha mashati 30 kwa fungu, kwa sekunde 180 kila kituo kinalishika dakika 90. Vituo sita ni jumla ya saa tisa za kazi kabla hujaona shati la kwanza, na kola iliyopinda utaigundua kesho. Fungu la matano linatoka kwa saa moja na nusu.

Na angalia kimo cha meza kutoka sakafuni. Kiwanda cha Ford kule Marekani kiligawa uunganishaji wa magneto (kifaa cha kuzalisha umeme wa kuwasha injini ya gari) katika hatua 29, dakika 20 zikashuka hadi 13 na sekunde 10. Mwaka 1914 wakainua laini inchi 8 tu, ikawa dakika 7. Meza ya pasi ya kola usiidharau.

FundiSare_Moro
Asanteni sana. Ya kukanyaga ninayo stoo. Tatizo nawalipa kwa kipande kwa kila hatua. Huyu wa kola nikimpunguzia kupachika, atahisi nimemnyang'anya.

Laini_AthiRiver
Na atakuwa na haki. Sasa anashona karibu sekunde 26,900 kwa siku. Kwa mpango mpya, mashati 150 kwa 150 ni 22,500. Ukibaki na bei ya kipande, mapato yake yanashuka. Lipa kundi zima kwa shati lililokamilika na kukaguliwa, mgao mkubaliane nao kabla hujahamisha mashine hata moja. Yeye muahidi kwamba hatapata chini ya anachopata leo. Mashati 150 badala ya 96 yanabeba ahadi hiyo, na muda unaomzidi afundishe wengine kupachika kola, kwa sababu siku akiugua laini nzima inasimama.