Je, kisomaji cha ujumbe cha BBS, yaani bodi ya ujumbe inayotembelewa kwa kompyuta, kiandikwe upya kwa skripti, au kiachwe kilivyo?

Mwanaskripti:
Nimekesha siku tatu nikiandika skripti ya JavaScript ya kusomea ujumbe kwenye Synchronet, programu ya kuendeshea BBS, na sasa ninaomba tujadili jambo moja. Kwa nini bado tunawapa wasomaji kisomaji kilichokuja na programu, ambacho humimina ujumbe mstari kwa mstari mpaka ule wa kwanza unapotelea juu ya skrini, ilhali tunaweza kuandika chetu wenyewe? Changu hujaza skrini nzima. Msomaji hupanda na kushuka kwa vitufe vya mishale, mistari ya kiufundi hufichwa, na ujumbe wa watu asiotaka kuwasoma hurukwa kimyakimya. Wenye programu ya Mystic wana lugha ya skripti ya MPL inayofanana na Pascal, na wa programu ya PCBoard walikuwa na yao, PPL, tangu enzi za modemu, hivyo hakuna wa kusema kwamba haiwezekani. Kwa maoni yangu, mwendesha bodi anayeng'ang'ania kisomaji cha asili hamjali anayesoma.

Mtunzabodi:
Sentensi hiyo ya mwisho siwezi kuiacha ipite. Bodi yangu hutembelewa na mtu anayetumia Commodore 64 yenye safu 40 na isiyofahamu alama za ANSI, zinazoongoza rangi na mahali pa maandishi kwenye skrini. Kisomaji cha asili humhudumia bila kumuuliza lolote, lakini skripti niliyoijaribu mimi ilikuwa imeandikwa kana kwamba dunia nzima ina safu 80 na mistari 24, ikamchorea vipande vya fremu visivyosomeka. Basi hapo asiyemjali msomaji ni nani?

Tena hiyo mistari ya kiufundi unayojivunia kuificha ilinitia aibu. Mtumiaji mmoja wa FidoNet, mtandao unaopeleka ujumbe kati ya BBS, aliandika kuomba msaada kwa sababu ujumbe ulikuwa ukimfikia mara mbili mbili, akanakili ndani ya swali lake mistari ya SEEN-BY ili tuone ujumbe ulikuwa umepelekwa kwenye vituo gani. Skripti ilikuwa imeagizwa kufuta kila mstari unaoanza na neno hilo, popote ulipo. Nilichokiona mimi ni «Tazameni hapa chini», kisha nafasi tupu, kisha «Asanteni». Nikamjibu kwamba amesahau kuweka ushahidi.

Mwanaskripti:
Ndugu Mtunzabodi, umenipa kosa la skripti ya mtu mwingine. Yangu huiuliza terminali, yaani programu ambayo msomaji huingilia kwenye bodi, ina safu ngapi na mistari mingapi kabla ya kuchora chochote, na ikikuta kwamba ANSI haipo, humrudisha msomaji kwenye kisomaji cha asili. Sikubali kuitwa mtu anayechora fremu kwa kubahatisha, na ningependa uufungue msimbo wenyewe kabla ya kuusemea.

Msikilizaji:
Nami niseme langu. Mimi hutumia programu inayonisomea skrini kwa sauti. Kisomaji kinachomimina mistari kwa mfuatano ndicho ninachokielewa vizuri kuliko vyote, kwa sababu kila mstari mpya husomwa mara moja na kwisha. Kisomaji cha skrini nzima huchora upya kila ninapobonyeza mshale, nami husomewa kichwa cha ujumbe, jina la mwandishi na mistari ileile tangu mwanzo. Terminali yangu ina ANSI na ina safu 80, kwa hiyo kipimo cha Ndugu Mwanaskripti hakitanitambua kamwe. Ninachoomba ni chaguo ndani ya mipangilio yangu, lihifadhiwe pamoja na akaunti.

Mtunzabodi:
Nimeufungua msimbo kama nilivyoagizwa, na ninakiri kwamba terminali inaulizwa. Hata hivyo, kufuta SEEN-BY kumo vilevile, na kuna jambo zito zaidi katika hilo neno lako «kimyakimya». Synchronet huweka vielekezi viwili kwa kila msomaji katika kila eneo la ujumbe: kimoja huonyesha ujumbe wa mwisho aliousoma, na kingine huonyesha mahali utafutaji wa ujumbe mpya ulipofikia. Skripti yako inaporuka ujumbe wa mtu aliyezuiwa, inavisogeza vyote viwili. Msomaji akibadili nia kesho na kumwondolea mtu yule kizuizi, ujumbe wote uliorukwa utahesabiwa kuwa umekwisha kusomwa, wala hautatokea tena akitafuta mpya. Huko ni kumwamulia msomaji bila yeye kujua.

Mwanaskripti:
Kuhusu vielekezi, umenishika. Nilivisogeza pamoja kwa sababu nilidhani ni kitu kimoja chenye majina mawili. Ninarekebisha usiku huu: kila ujumbe unaorukwa utaacha mstari mmoja wenye namba yake, na msomaji ataweza kuufungua akitaka. Lakini kuwa na orodha ya watu asiotaka kuwasoma ni haki ya msomaji, na hapo sirudi nyuma hata kidogo.

Kuhusu SEEN-BY, ugumu ni kwamba haianzi na ile herufi isiyoonekana yenye namba 1, ambayo hutangulia mistari mingine ya kiufundi kama MSGID na PATH, kwa hiyo skripti haiwezi kuitambua kwa alama hiyo. Nitafuta tu mistari inayokuja baada ya mstari wa Origin, unaotaja bodi ujumbe ulikotoka, kwa kuwa ndipo mistari halisi ya SEEN-BY inapowekwa. Nimegundua pia kwamba nilikuwa nautupa mstari wa CHRS kabla ya kuusoma, na kumbe ndio unaotaja kama ujumbe umeandikwa kwa mfumo wa herufi wa CP437 au UTF-8. Ndiyo maana herufi zenye alama zilikuwa zikiharibika.

Msikilizaji:
Na chaguo nililoliomba?

Mwanaskripti:
Uniwie radhi, nilipitiwa nikijibishana na Ndugu Mtunzabodi. Hilo ndilo nitakaloanza nalo, kabla ya vielekezi.