Mgeni ameniachia mawe ya runi, nimetoa la barafu. Je, nisiondoke kazini?

Saumu wa Maweni (Malindi)

Asalaam aleikum jamaa wa Pwani. Nina swali, naomba msinicheke.

Nafanya kazi ya nyumba kwenye vila moja huku Casuarina. Msimu huu tulikuwa na mgeni, mama wa Kitaliano, mtu mzima. Kila asubuhi kahawa ikishafika mezani hutia mkono kwenye kifuko cha kitambaa, akatoa kijiwe kimoja, akakitazama weee, kisha akaandika kwenye daftari lake. Hasemi na mtu mpaka amalize. Nilipomuuliza akaniambia hizo ni runi, herufi za kale za watu wa kaskazini ya Ulaya, na humsaidia kujiuliza maswali. Alipoondoka akaniachia kifuko kizima na karatasi ya maelezo. Kitaliano changu ni cha jikoni na sokoni, hiyo karatasi nusu yanishinda.

Sasa shida yangu. Vila inauzwa. Tajiri ameniambia nikitaka nimfuate nyumbani kwake Nairobi, la sivyo nichukue haki yangu tuachane kwa wema. Nami chama chetu cha kuchangiana pesa kinanifikia zamu yangu baada ya Ramadhani, na kuna kibanda karibu na stendi nimekiwazia, niuze mahamri na mbaazi asubuhi, jioni viazi karai. Nikaweka nia ya jambo hilo nikatoa kijiwe. Kikatoka chenye mstari mmoja uliosimama. Karatasi yasema barafu. Kwenye intaneti wanasema maana yake simama, usisogee, ngoja. Kesho yake nikatoa tena, likatoka jiwe tupu lisilo na alama yoyote, wao wasema hilo ni la majaaliwa.

Mama yangu amesema nikatupe baharini, hataki ramli nyumbani mwake. Mwenzangu Kadzo anasema hiyo ni mburuga, ule uaguzi wa waganga wetu, ila ya Wazungu. Hizi runi ni kitu gani hasa? Na hilo jiwe tupu? Na nikae au niende?

Abuu

Dada Saumu, msikilize mamako. Suratul Maida aya ya 90 imetaja ulevi, kamari, masanamu na azlamu, yaani vile vishale vya kupigia ramli, ikasema ni uchafu katika kazi ya Shetani, jiepusheni nao. Na katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba mwenye kumwendea mtabiri akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku arubaini. Unayo istikhara, sala ya kumuomba Mungu akuchagulie la kheri. Rakaa mbili na dua yake, haitaki mawe wala Kitaliano.

Maalim wa Langoni (Lamu)

Wa aleikum salaam, Saumu mwanangu. Abuu amesema la dini na mimi sina la kumpunguzia. Nitasema la historia, kwa kuwa ndilo somo nalofundisha mpaka nikastaafu, na la ramli, kwa kuwa ami yangu alikuwa mpigaji hapa Langoni, na mimi ndiye nalikuwa nikimchekechea mchanga.

Runi ni herufi. Kazi yake ya kwanza ni kuandika. Safu ya zamani ina herufi 24, nayo ilitumika tangu karne ya 2 hivi mpaka ya 8. Zama za Viking, wale mabaharia wa kaskazini ya Ulaya, zilikuwa zimepunguzwa zikawa 16. Kuna kitana kilichofukuliwa Vimose, huko Denmark, cha mwaka 160 hivi, kimechongwa herufi tano tu: harja. Wengi walichukua kuwa jina la mtu. Na Gotland, Sweden, kuna jiwe la Kylver la karibu mwaka 400 lenye safu nzima. Maandishi mengi ya runi ukiyasoma hayana muujiza: fulani amekitengeneza hiki, fulani amelisimamisha jiwe hili kumkumbuka babake. Ni kama majina tuyaandikayo chini ya sinia zisipotelee arusini.

Kupigia bao, habari ya kale tegemewayo na kila mtu ni ya Mroma Tacitus, mwaka 98. Alieleza kwamba Wajerumani hukata tawi la mti wenye matunda, wakalipasua vipande, wakavitia alama na kuvimwaga ovyo juu ya kitambaa cheupe. Kisha kuhani, au baba wa nyumba ikiwa ni jambo la nyumbani, huomba akitazama mbinguni na kuokota vipande vitatu, kimoja kimoja. Tacitus amesema alama. Hakusema ni herufi hizi, na maandishi ya runi tuyajuayo kwa yakini ni ya baada yake. Kwa hivyo akuambiaye karatasi yako yafundisha njia ya miaka elfu mbili, yuwakuuzia.

Jiwe tupu lina umri mdogo kuliko mimi. Mwaka 1982 Mmarekani aitwaye Ralph Blum alitoa kitabu kilichouzwa pamoja na mawe yake, akaongeza la 25 lisilo na kitu. Hesabu kifuko chako utaona. Litoe uliweke kando, au likipotea jingine ulichonge hilo mahali pa lililopotea. Na maneno ya kwamba kijiwe kikitoka kichwa chini maana yake hugeuka, hayo pia hayamo katika mashairi ya zamani ya runi. Wachongaji wenyewe waliandika kutoka kulia na kutoka kushoto, wakageuza herufi walivyotaka. Lako la mstari mmoja ndilo kabisa halina kichwa wala miguu.

Nimetaja mashairi. Yapo ya Uingereza, ya Norwei na ya Iceland, na kila herufi ina ubeti wake. Hapa ndipo pananinogea. Barafu ya Mwingereza ni baridi mno na utelezi usio kifani, yang'aa kama kioo, nzuri kwa macho. Ya Iceland ni gome la mto na paa la wimbi, na ni hatari kwa waliokwisha kuandikiwa kufa. Herufi ya kwanza ni ng'ombe, yaani mali, na mashairi ya Norwei na Iceland yote mawili yasema mali huleta ugomvi baina ya jamaa. (Hilo Lamu hatuhitaji kufundishwa. Nenda mahakama ya kadhi siku ya mirathi ukae benchi la nyuma.)

Sasa tazama. Aliyetunga ubeti wa barafu alikuwa akivuka kwa miguu mto ulioganda. Barafu kwake ni kitu kiwezacho kupasuka akazama. Wewe uko Malindi. Barafu kwako ni ile isagwayo ikamwagwa juu ya kolekole na nguru pale wanaposhushia samaki. Mvuvi atokaye bila barafu hurudi na uvundo. Barafu ya huko yasema usikanyage. Ya kwenu yasema funganya vizuri ndipo uende. Jiwe ni lile lile. Wewe ukaishika ile ya "usisogee", tena kutoka karatasi ambayo nusu yake yakushinda. Mimi ningejiuliza hapo: kwa nini hiyo ilinikaa upesi? Nahofia Nairobi, au nahofia kibanda? Ukijibu swali hilo kwa kalamu, kama alivyokuwa akifanya yule mama, kijiwe kimekwisha kazi yake. Hakina zaidi ya hayo.

Ramli ni mlango mwingine. Huko hupewi nafasi ya kuchagua maana ikupendezayo, maana kuna hesabu. Ami alitandaza mchanga kwenye sinia ya mti, akapiga nukta kwa ncha ya kidole, mistari 16, upesi upesi bila kuhisabu. Kisha akazifuta mbili mbili. Mwisho wa kila mstari hubaki moja au mbili. Mistari minne hutoa umbo moja, na maumbo yawezayo kutoka ni 16 basi. Lenye moja moja ni Tariki, lenye mbili mbili ni Jamaa, na mengine yote yana majina yake. Mistari 16 hukupa maumbo manne, hao ni mama. Ukiyasoma kwa upana badala ya kushuka wapata mabinti wanne. Ukijumlisha wawili wawili watoka wanne wengine, kisha mashahidi wawili, na mwisho hakimu mmoja.

Na hakimu lazima nukta zake ziwe shufwa. Zikitoka witiri ami hakufasiri kitu, aliufuta mchanga: umekosea hesabu, anza tena. Nikiwa mtoto naliona ni siri kubwa. Nalipokuwa mkubwa nikaikalia na kalamu nikaona sababu: mabinti ni zile zile nukta za mama zimesomwa upande mwingine, kwa hivyo jumla yao ni kitu kimoja mara mbili, na cha mara mbili hakiwi witiri. Nalifurahi siku hiyo kuliko kama ningeambiwa bahati yangu.

Elimu hiyo ilitembea. Maumbo hayo 16 utayakuta Madagaska, huko wapanga kwa mbegu na waita sikidy. Utayakuta kwa Wayoruba wa Nigeria katika bao lao liitwalo Ifa, ambako 16 mara 16 ni 256. Na Ulaya yaliingia kwa kutafsiriwa kutoka Kiarabu katika karne ya 12. Wapigaji wetu hushika hadithi ya Mtume, nayo pia imo katika Sahihi Muslim, kwamba alikuwako Nabii akipiga mistari, na ambaye mstari wake utawafikiana na wa Nabii huyo basi ni sawa. Wanazuoni wakajibu: na ni nani ajuaye mstari wake ulikuwaje? Ami alikuwa akilijua jibu hilo. Alikuwa akinyamaza.

Kadzo

Ni mimi huyo Kadzo. Nilitania tu jamani! Mburuga ni kitu kingine kabisa. Kule hata shida yako huisemi. Mganga anatikisa kibuyu chake, anaimba, anaitafuta: iko tumboni, iko kichwani, ni ya mtoto, ni ya shamba, na wewe akigusa penyewe unaitikia taire. Kuna mtu mbele yako na kuna watu wa kwenu wanasikiliza. Hii ya mama wa Kitaliano ni mtu na daftari lake. Hakuna wa kuitikia.

Halafu Saumu hajawaambia kitu. Mwenye kibanda anataka kodi ya miezi mitatu mbele, na stendi kuna wauza mahamri wawili tayari. Hilo ndilo linamnyima usingizi. Jiwe halikuulizwa hata.

Fundi Patasi (Lamu)

Maalim, nisamehe nakuvuruga mada lakini nina swali la kazi. Kuna mtu anakarabati nyumba Shela, ameniletea picha ya runi kwenye simu anataka nimchongee kizingiti cha juu cha mlango, "za kulinda nyumba". Mimi na mwalimu wangu tumechonga mawaridi, majani na mnyororo maisha yetu yote na hakuna aliyeniambia maana ya hata moja. Alinishika mkono, patasi iende hivi, basi. Wanaotoa maana ni wale wanaotembeza wageni, leo mnyororo ni usalama, kesho ni watumwa, inategemea mgeni ametoka wapi.

Lakini hizo herufi nimezipenda kwa jicho la fundi. Hakuna mviringo na hakuna mstari wa kulala. Mti ukiulaza na kuandika kwa kisu, mstari wa kulala unafuata uzi wa mti, unapotea au unapasua ubao. Hizi zote zinakata uzi, wima au mshazari. Aliyezibuni alikuwa na kisu mkononi, hana kalamu. Sasa nichonge au nikatae?

Saumu wa Maweni

Maalim, Mungu akuweke. Nimehesabu, ni 25 kweli. Abuu, nimekusikia, na istikhara nimeisali kabla hata ya kuandika hapa, sikutaja tu.

Kadzo mdomo wako huo. Lakini amesema kweli. Nilikaa na daftari jana usiku nikaandika kama Maalim alivyosema, na sikuandika neno la Nairobi hata moja, ukurasa mzima ni unga, mafuta, kodi, na wale wauzaji wawili. Mmoja wao hauzi mbaazi, nimeshamtazama. Kumbe Nairobi nilishaikataa zamani. Nitamuomba mwenye kibanda nilipe mwezi mmoja mmoja, akikataa kuna baraza la nyumba ya mjomba wangu huku Maweni, watoto wa shule wanapita hapo.

Mama nimemwambia nitayatoa nyumbani. Maalim, unayataka?

Maalim wa Langoni

Nayataka, mwanangu, mwenye kuja Lamu kwa basi umpe. Nina wajukuu wapendao kuandikiana siri, waache wajifunze herufi. La 25 nalo lete, tutaliweka juu ya karatasi zisiruke na upepo wa kusi.

Fundi, uzi wa mti umeueleza vizuri kuliko vitabu nalivyosoma. Kuchonga chonga, ni herufi, lakini kwanza mwambie akuandikie kwenye karatasi, neno kwa neno, zasomeka nini. Akishindwa, mpe jina la nyumba au la mkewe kwa herufi hizo na atafurahi. Moja tu uwe macho: ile iliyo mfano wa radi. Mbili zikisimama pamoja ndiyo iliyokuwa alama ya kikosi cha SS cha Hitler, na kuna makundi Ulaya hata leo wazivaazo kwa sababu hiyo. Ukiziona kwenye picha yake, muulize usoni. Na nusu ya malipo uichukue kabla hujagusa patasi, watu wa Shela wa siku hizi hubadilisha nia mlango ukiwa katikati.